Valvu ya Siku Mbaya

Lori jeupe lilipita taa nyekundu bila kupunguza mwendo.

Odile Savoie naye akapita.

Ukungu ulikuwa umelala juu ya mto Calcasieu tangu alfajiri, na ingawa jua lilishapanda, haukuwa na dalili ya kuondoka. Ndani yake mioto ya viwanda iliwaka mmoja hapa, mwingine kule, juu ya minara ambayo yenyewe haikuonekana. Hewa ilinuka mayai yaliyooza. Watu wa Bellefleur walishaizoea harufu hiyo kiasi kwamba waliisikia tu pale ilipokosekana.

Odile alikanyaga mafuta. Dodge Charger ikanguruma.

"Korongo, Kituo hapa. Uko wapi? Ova."

"Nyuma yake. Anaelekea gati la zamani. Ova."

"Usimuue. Tunamtaka akiwa na mdomo unaofanya kazi."

"Mwambieni yeye asinilazimishe."

Korongo lilikuwa jina lake la kazini. Idara yenyewe haikuwa na kibao mlangoni, wala namba kwenye kitabu cha simu. Kwa miaka mingi Odile aliwawinda watu wanaoingiza nchini vitu vinavyoua polepole na bila kelele: vidonge bandia vya unga wa mahindi, breki bandia za ndege. Na tangu majira ya joto, valvu.

Aliyezileta aliitwa Anselm Vroomen. Huyo hakuwa na nchi wala chama. Serikali yoyote iliyotaka adui yake aumie bila vita kutangazwa, ilimpigia simu. Mwaka uliopita boila lilipasuka katika kiwanda cha karatasi kule kaskazini kwa sababu valvu zake za usalama zilikuwa chuma kitupu kilichopakwa rangi. Odile alikwenda kwenye mazishi. Alisimama nyuma kabisa ya kanisa, akawatazama wajane, akaondoka bila kumpa mtu mkono.

Tangu siku hiyo hakulala vizuri.

Lori lilifika kwenye njia panda ya gati. Taa ya manjano ya kushoto ikaanza kumeta.

Odile alikunja uso.

Indiketa?

Hakuwa na muda wa kulifikiria hilo. Aliteremsha kioo, akatoa mkono wenye Glock 19, akafyatua mara mbili. Tairi la nyuma likapasuka. Lori likayumba, likapanda ukingo wa barabara, likasimama kwenye matete huku redio yake bado inaimba.

Dereva alishuka mikono ikiwa juu. Kijana wa nywele nyekundu, kofia ya besiboli, tabasamu mdomoni. Kitambulisho kilisema Dewey Trahan.

"Taratibu, mama. Mimi dereva tu."

"Lala chini."

"Suruali mpya hii, jamani. Na hapa pana tope."

"Lala!"

Akalala. Odile hajamfunga pingu ya pili, kijana ameshaanza kumwaga.

"Ni valvu. Valvu za usalama, bandia zote. Mbili zilishakwenda kiwanda cha Pelnor, zimefungwa juu ya tangi namba tatu. Hazifunguki hata presha ifike mbinguni. Mimi nimewaambia, eh? Mkumbuke kwamba nimewaambia."

"Sijakuuliza kitu bado."

"Basi nimekuokolea pumzi."

Odile alifungua makreti. Valvu zilikuwa zimepangwa kwenye nyasi kavu kama mayai, kila moja na kibati chake. Kwenye kibati, jina la mtengenezaji lilikuwa limekosewa herufi moja. Mtu yeyote aliyemaliza shule ya msingi angeliona.

Akapiga simu. Upande wa pili alikuwa mkuu wake, Whit Pruitt, mtu ambaye furaha yake ilisikika kwa nadra sana.

Leo ilisikika.

"Umewashika! Pelnor tumeshawaarifu. Mshauri wao wa usalama ameagiza valvu zote mbili za tangi namba tatu zing'olewe kabla ya saa sita mchana. Nenda ukasimamie, upige picha, urudi. Kesi imekwisha, Korongo."

"Imekwisha mapema mno, mkuu."

"Wewe hata ukipewa keki unaitafutia sumu."

"Ndiyo maana bado nala keki."

* * *

Pelnor walitengeneza klorini. Klorini hiyo ilisafisha maji ya kunywa ya miji ya majimbo manne. Ikiwa ndani ya bomba, ni rafiki wa kila nyumba. Ikitoka, ni moshi wa kijani-manjano mzito kuliko hewa, unaotambaa chini, unaoingia mlangoni bila hodi na kuyageuza mapafu kuwa maji.

Tangi namba tatu lilikuwa limejaa. Ng'ambo ya ua, umbali wa kurusha jiwe, palikuwa na shule ya msingi. Watoto walikuwa nje, wakipiga kelele ndani ya ukungu.

Injinia mkuu, Vernell Guillory, alimpokea Odile getini akiwa na soseji ya wali mkononi, imefungwa kwenye karatasi. Alikuwa mtu mnene, mweusi, wa sauti ya chini, na macho yaliyochoka.

"Wewe ndiye uliyetuletea mkosi huu asubuhi hii?"

"Nimeukuta njiani tu."

"Haya, karibu. Huyu ni Bwana Stroud, mshauri wetu wa usalama."

Garrick Stroud alikuwa mwembamba, suti ya kazi imepigwa pasi, barakoa ya gesi ikining'inia kiunoni. Viatu vyake vilikuwa safi mno kwa mtu anayeshinda kiwandani. Alimpa Odile mkono mkavu.

"Tunashukuru sana, dada. Mmeokoa mji. Mafundi wa Injinia wako juu. Moja imeshateremka. Ya pili inafuata. Tunaweka vizibo vya chuma kwa muda, jioni tunafunga mpya."

Guillory alitafuna polepole. "Mimi ningelimwaga tangi kwanza. Tangu nianze kazi hii sijawahi kuacha tangi lililojaa bila valvu ya usalama."

"Kulimwaga ni siku mbili," Stroud alisema. "Siku mbili ukiwa na valvu bandia kichwani ni kamari. Tangi limetulia. Presha iko chini. Saa chache tu, Injinia, halafu ulale kama mtoto."

Maneno yalikuwa na akili. Ndiyo sababu yalimkera Odile.

"Injinia," alisema, "nieleze kama mtu ambaye chuma pekee anachokijua ni sufuria."

Guillory akacheka kidogo. "Una mtungi wa gesi nyumbani? Kile kidude cha juu ya mtungi, kinachofanya moto utoke wa kupikia wala si wa kuunguza nyumba? Hiyo ni valvu ya kupunguza presha. Presha kubwa inaingia, ndogo inatoka. Inafanya kazi kila sekunde, haipumziki. Sasa, kile kidude kidogo juu ya kifuniko cha sufuria ya presha, hicho ni valvu ya usalama. Kinakaa tu. Mwaka mzima hakifanyi kitu. Siku presha ikipita kiasi, kinafunguka, kinapuliza, sufuria haipasuki."

"Ukiambiwa uchague moja?"

"Wabahili wa makao makuu waliniuliza hivyo hivyo! Nikawaambia, ile ni ya kila siku, hii ni ya siku mbaya. Ukiwa na ya kila siku peke yake, endelea kuomba siku mbaya isikuone."

"Na leo ndiyo hiyo siku," Stroud alisema. Akatazama saa yake. "Samahani. Nikaangalie kule nyuma."

Akaingia kwenye ukungu. Hatua zake zikasikika juu ya changarawe, kisha hazikusikika.

"Kwa nini kila mtu leo anatazama saa?" Odile aliuliza.

"Leo ni Jumatatu. Saa sita kamili king'ora cha mji kinalia, majaribio tu. Usije ukaruka, watu wakakucheka."

Odile alitazama kule Stroud alikopotelea.

Alikuwa anaiona tena ile taa ya manjano. Mtu anayekimbia gereza hawashi indiketa. Anayeiwasha ni yule anayetaka unayemfuata asipotee njia. Tena dereva alikiri kabla hajaulizwa. Na Vroomen, aliyepitisha mizigo katika bandari za mabara matatu bila kushikwa, akosee herufi ya jina ambalo mtoto angelisoma?

Vroomen hakosei herufi.

Lori lilikuwa limetumwa likashikwe.

"Hiyo valvu iliyoteremshwa iko wapi?"

"Karakana. Imeshasafishwa."

"Ijaribu."

"Sasa hivi?"

"Injinia, tafadhali. Kimbia."

* * *

Guillory hakuwa ameumbwa kukimbia, lakini alikimbia.

Waliifunga valvu kwenye meza ya majaribio, wakaunganisha hewa. Guillory akafungua taratibu, macho kwenye geji. Mshale ulipanda. Ukapita nusu. Ukakaribia mstari mwekundu.

Odile alisogea karibu na geji.

Klak!

Valvu ikafunguka, hewa ikapiga kelele, mshale ukashuka. Ikajifunga yenyewe kwa adabu.

Guillory akarudia. Klak! Pale pale kwenye mstari.

"Hii si bandia," alisema. Sauti yake ilikuwa imekauka. "Hii ni nzima kuliko mimi."

"Kama ni nzima, nani anafaidika ikitoka?"

"Mtu anayejua kwamba..." Akaiweka soseji mezani. "Mtu anayejua kwamba presha itapanda."

"Presha ya tangi inatoka wapi?"

"Naitrojeni. Tunaisukuma klorini kwa naitrojeni. Bomba kuu lina presha ya pauni mia sita. Tangi halivumilii hata nusu yake. Katikati kuna..."

Macho yake yakarudi kwenye geji.

"Sema."

"Kuna valvu ya kupunguza presha."

"Nani aliigusa mwisho?"

"Stroud. Mwezi jana. Alisema anaikagua."

Redio begani kwa Guillory ikakoroma. Sauti ya mwanamke wa chumba cha mitambo, Earline Dugas, ilikuwa tulivu kwa namna ya mtu anayejizuia.

"Injinia, tangi namba tatu linapanda. Nimeamuru naitrojeni ifungwe. Kompyuta inaniambia imefungwa. Geji inasema siyo kweli."

"Iamini geji, Earline."

"Nimeiamini. Ndiyo maana naogopa."

Odile alishamshika Guillory mkono. "King'ora kikilia saa sita, mji utafanya nini?"

"Hakuna. Watatazama saa, waendelee kula."

"Hata tangi likipasuka dakika hiyo hiyo?"

Guillory alifumba macho. Alikuwa na mjukuu katika shule ile. Hakusema, lakini Odile aliona mkono wake ukienda mfukoni kutafuta simu, ukaiacha.

"Pigeni simu shuleni, watoto waingie ndani, wazibe madirisha," Odile alisema.

"Earline! Umesikia?"

"Napiga."

"Sikiliza, dada," Guillory alisema, na sasa alikuwa anaongea haraka. "Mafundi nilionao ni wanne, barakoa tano nikihesabu yangu. Valvu ya pili imeshang'oka nayo, iko kwenye kreni. Niwapeleke wapi? Waje nawe kwenye valvu ya kupunguza, tuzibe chanzo? Au wapande juu warudishe ya usalama? Siwezi yote mawili. Chagua."

Odile aligeukia mlangoni.

Chanzo kilikuwa kule. Kila mtu angekimbilia chanzo. Na Stroud alijua kwamba kila mtu angekimbilia chanzo. Wakifika wote wakakuta kimeharibiwa kisitengenezeke, juu ya tangi kutabaki kizibo cha chuma kisichofunguka.

"Rudisheni ya usalama. Moja tu inatosha?"

"Moja inatosha."

"Basi panda. Ile nyingine niachie mimi."

"Peke yako? Huna hata barakoa!"

"Basi usichelewe."

* * *

Ukungu uliwameza wote.

Odile alikimbia chini ya mabomba, Glock mkono wa kulia, kamera ya joto ya FLIR mkono wa kushoto. Macho yake hayakuona mbali ya hatua tano. Kamera iliona. Mabomba ya mvuke yaling'aa meupe kwenye kioo chake kidogo. Mengine yalikuwa ya kijivu.

Moja lilikuwa la buluu iliyokoza.

Baridi. Gesi inayopita kwa kasi na kutanuka hupoza chuma. Alilifuata lile bomba la buluu kama mtu anayefuata damu ya mnyama aliyejeruhiwa.

Sauti ilimfikia kabla hajaiona valvu. Mluzi mwembamba, mrefu, usiokata.

Valvu ya kupunguza presha ilikuwa na ukubwa wa kichwa cha ng'ombe, imeota barafu nyeupe. Juu yake palikuwa pamefungwa kiboksi cheusi chenye taa moja ya kijani. Waya wa kwenda chumba cha mitambo ulikuwa umekatwa. Nyuma yake, kwenye bomba la pauni mia sita, ilikuwepo valvu ya kufunga kwa mkono.

Gurudumu lake halikuwepo. Kijiti cha chuma tu, kitupu.

"Mferejini," ilisema sauti. "Nimelitupa mferejini. Ukitaka uogelee."

Stroud alitokea upande wa kushoto, barakoa imevutwa shingoni, SIG Sauer mkononi. Alikuwa anatabasamu kama mtu aliyekutana na jirani sokoni.

"Tupa silaha, dada."

Odile alimlenga kifuani. "Tupa wewe."

"Piga basi. Unaona nyuma yangu? Hilo la manjano ni bomba la klorini. Ukikosa kidogo tu umenisaidia kazi."

Odile aliliona. Na yeye nyuma yake? Mabomba ya naitrojeni. Stroud angeweza kupiga apendavyo.

"Na wewe utapona vipi?"

"Upepo unaelekea mjini. Mimi naelekea kusini. Kuna boti." Akacheka. "Nilidhani watatuma mtu mwenye akili. Umekamata lori, umepewa valvu za kuchezea, ukaja hapa mbio kusimamia zile nzima ziking'olewa. Vroomen alisema Wamarekani wakishika kreti moja wanafanya sherehe."

"Dada!" sauti ya Guillory ilipaa begani mwa Odile, kwenye redio aliyokuwa amempa. "Kizibo kimetoka. Tunaiweka. Boliti nane. Omba!"

Tabasamu la Stroud likapungua.

Alikuwa hajalitarajia hilo.

"Umewapeleka kule?"

"Wote."

"Mjinga wewe. Kwa nini?"

Wakati huo king'ora kikalia.

Kilianza chini, kama mnyama anayeamka, kikapanda mpaka kikajaza ukungu wote. Mjini watu walitazama saa zao. Mhudumu wa mgahawa alimwaga kahawa kikombeni bila kuinua kichwa. Kinyozi aliendelea kunyoa.

Stroud aligeuza macho kuelekea kwenye tangi. Hakuweza kujizuia. Miezi mingi ya kazi ilikuwa inangoja sauti hiyo.

Ilikuwa nafasi ya kupepesa jicho.

Odile akamrushia kamera usoni. SIG ikafyatuka, risasi ikaenda zake kwenye ukungu. Alimfikia kwa teke la gotini, akasikia mfupa ukilia, akamshika mkono wenye bastola akaugonga kwenye nguzo, mara moja, mara mbili. Bastola ikaanguka. Stroud akamtia kiwiko mbavuni. Maumivu yakamkata Odile pumzi. Akamwangukia kwa uzito wake wote. Pingu ikalia, upande mmoja kwenye mkono wa Stroud, upande mwingine kwenye nguzo.

Kisha akamvua barakoa.

"Hapana," Stroud alisema. "Nirudishie hiyo."

Odile hakuivaa. Aliitupa mbali, wote wawili wasiweze kuifikia.

"Sasa tuko sawa. Nitafunga vipi?"

"Nifungue! Litapasuka!"

"Nitafunga vipi, Stroud?"

"Haifungiki! Hiyo ya kupunguza tumeitoa moyo wake, imebaki ganda tu!" Alikuwa analia sasa, na kamasi zilimshuka. "Ile ya mkono! Kwa spana! Kuna sanduku jekundu kwenye ngazi!"

Odile alilikimbilia sanduku. Spana ya bomba, nzito, ndefu kama mkono wake. Akaing'atisha kwenye kijiti, akavuta.

Haikusogea.

"Earline, niambie."

"Inapanda. Inapanda bado. Iko kwenye mstari mwekundu."

Akaweka mguu kwenye bomba, akavuta kwa mgongo. Mbavu zikapiga kelele. Kijiti kikasogea. Robo. Robo nyingine. Mluzi ukabadilika kidogo, ukawa mnene.

"Injinia?"

"Boliti mbili bado!" Guillory alikuwa anahema. "Moja imekaa vibaya!"

"Imepita mstari," Earline alisema. "Injinia, imepita. Tangi linalia. Nalisikia mpaka huku."

Odile naye alilisikia. Chini ya king'ora, chini ya mluzi, sauti ya chuma kinachonyooshwa. Mlio wa chini sana, uliopita kwenye udongo na kuingia miguuni. Alifikiria wajane wa kaskazini. Alifikiria watoto waliokuwa wakipiga kelele ndani ya ukungu, kama walikuwa wameshaingia ndani, kama mtu alikuwa ameshafunga dirisha la mwisho.

Akavuta tena. Kiganja kikachanika.

"Boliti moja!"

"Vernell!" Earline alisahau kumwita injinia. "Vernell, shuka hapo! Shukeni wote!"

"Hatushuki!"

King'ora kikaanza kushuka, kikazama, kikafa.

Kimya.

Kisha anga likapasuka.

Mngurumo ulitoka juu ya tangi kama ndege inayoruka. Stroud alipiga ukelele, akajikunyata chini ya nguzo mikono kichwani. Odile aliinama, akangoja harufu. Akangoja kuungua kooni.

Haikuja.

Mngurumo uliendelea. Ulikuwa mzito, wa sauti moja. Si tangi lililopasuka. Ilikuwa valvu ya usalama, imefunguka wazi, inapuliza kwa nguvu zake zote kwenye bomba la kwenda mnara wa kuoshea gesi, ambako klorini ilikutana na magadi na kupoteza meno yake.

"Inashuka," Earline alisema. Halafu, kwa sauti ndogo: "Mungu wangu. Inashuka."

Odile aliishika tena spana. Akavuta mpaka kijiti kikagoma kabisa. Mluzi ukakatika. Dakika chache baadaye, kule juu, valvu ikajifunga yenyewe.

Alikaa chini kwenye changarawe. 

* * *

Guillory alikuja akichechemea, barakoa imemwachia alama nyekundu usoni. Alimtazama Stroud pale chini. Alimtazama muda mrefu, spana mkononi.

"Injinia," Odile alisema taratibu. "Tunamtaka akiwa na mdomo unaofanya kazi."

"Nilikuwa nafikiria magoti tu."

"Moja limeshavunjika."

"Basi." Akaitupa spana chini. "Nikuulize. Ulijuaje kwamba sisi tupande juu, tusije huku?"

"Sikujua."

Guillory akakubali kwa kichwa. Akaondoka kwenda kumpigia mjukuu wake simu.

Simu ilitetemeka, lakini haikuwa ya Odile. Ilikuwa mfukoni mwa Stroud. Odile akaitoa. Namba haikuonekana. Akawasha redio yake mwenyewe kwa mkono mwingine.

"Kituo, kuna simu inaingia kwa Stroud. Nipeni alipo anayepiga."

"Mshikilie kidogo," Pruitt alisema. Furaha haikuwepo tena kwenye sauti yake. "Ongea naye."

Akapokea.

"Nimekaa dirishani," ilisema sauti ya mwanamume, laini, yenye lafudhi ya mbali. "King'ora nimekisikia. Moshi siuoni. Kwa nini siuoni moshi, Garrick?"

Odile aliegemea nguzo. "Ukungu, Bwana Vroomen. Leo ni mwingi sana."

 Upande wa pili barafu ikagonga glasi.

"Korongo," Vroomen alisema hatimaye.

"Hujambo."

"Sijambo. Valvu ilifunguka?"

"Ilifunguka."

"Ipi?"

"Ile uliyoitaka ing'olewe."

Pruitt alinong'ona redioni: hoteli ya kamari, ng'ambo ya ziwa, ghorofa ya tisa, vijana wetu waliokuwa karibu wako kwenye ngazi.

"Kuna watu wengine kama Stroud," Vroomen alisema. Sauti yake haikutikisika. "Kuna matangi mengine. Huwezi kuyazunguka yote."

"Leo nimezunguka moja. Umeagiza chakula, Bwana Vroomen?"

"Kwa nini?"

Odile aliusikia mlango ukigongwa kule kwake. Mara tatu, kwa ngumi.

"Nadhani wamekuletea."

Glasi ilivunjika. Watu walipiga kelele, kitu kizito kikaanguka, kisha simu ikabaki inakoroma peke yake sakafuni. Odile aliisikiliza mpaka aliposikia pingu, ndipo akaikata.

Alimkabidhi Stroud kwa maaskari waliofika, akafunga kiganja chake kwa leso, akatoka getini huku ameshika mbavu. Ng'ambo ya barabara, walimu walikuwa wanafungua madirisha ya shule, moja baada ya jingine. Mtoto mmoja alimpungia mkono bila kujua ni nani.

Odile akampungia, akaingia garini, akawasha taa za ukungu, akaondoka polepole.